Fundi Seifu Yuko Uholanzi

Nesi alipiga simu saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, Badria akiwa anatunga uzi kwenye sindano ya saba.

Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila siku kabla hajaenda kwenye meza yake ya kanga Mtaa wa Kongo: kumtungia mumewe sindano kumi na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji ubavuni mwa cherehani. Zikiisha kumi, Seifu alikaa barazani mikono mapajani, na mteja akimuuliza anajibu kwamba anaufikiria mshono. Mtaa wa Sikukuu ulimjua kuwa fundi wa kanzu mwenye maringo kidogo. Haukujua kwamba haoni.

"Dada Badria, mbona hamjibu?" nesi aliuliza.

"Tujibu nini tena, mdogo wangu?"

"Barua pepe! Wametuma tangu Jumatatu. Jina la shemeji limepita. Wale madaktari wageni wanakuja na vioo vya macho vya watu kumi na wanne tu. Inabidi mfungue barua ile ile, mbonyeze pale, mjaze. Leo saa kumi jioni wanafunga orodha. Asiyejibu anarukwa, anaingia mwingine."

"Si utujazie wewe? Wewe unatujua."

"Orodha siyo yangu, iko kwa wenyewe huko nje. Mimi nimekupigia kwa huruma tu, na salio ni la mfukoni mwangu. Saa kumi, dada. Isipite."

Badria alikata simu, akatazama sindano mkononi kama vile imetoka mbinguni. Miaka minne ya kliniki. Miaka minne ya kuambiwa kwamba kioo cha mbele cha jicho kinakonda na kuchongoka kama ncha ya yai, kwamba miwani haitasaidia tena, kwamba dawa yake ni kubadilishiwa kioo na kwamba vioo hivyo havipatikani kwa kutaka. Leo vimepatikana, na barua imekaa siku tatu kwenye simu bila kufunguka.

Haikufunguka kwa sababu wiki ile mtandao ulikuwa umebanwa. Picha haziendi, ujumbe hauendi, barua pepe inazungusha kiduara mpaka kichwa kinauma. Redioni walisema ni kwa muda, wakakumbusha kwamba kutumia VPN bila kibali ni kosa. Mtaa mzima ulilisikiliza tangazo hilo kwa heshima, ukapunguza sauti ya redio, ukaendelea kutumia VPN. Mtaa mzima isipokuwa Seifu.

"Mimi sitaki kesi," Seifu alinong'ona, Badria alipomweleza. "Wakinifunga, jela nitashona nini?"

"Na usipoona, hapa utashona nini?"

Seifu alishika kitambaa kwenye cherehani, akakilaza vizuri, akakilaza tena.

"Haya. Lakini usimwambie mtu ni barua ya nini. Badria, nakuomba. Wiki mbili tu tangu mzee Kitwana airudishe ile kanzu. Nikitangazwa sioni, nani ataniletea kitambaa?"

Kanzu yenyewe darizi ya kifuani ilikuwa imekwenda kombo kama barabara ya milimani. Mzee Kitwana hakufoka. Aliikunjua barazani mbele ya watu, akaitazama, akamtazama fundi, akasema, "Mwanangu, hii umeshona ukiwa na mawazo." Seifu alisingizia uzi. Tangu siku hiyo kila mtu akisimama mlangoni roho ya Seifu inaruka.

*

Msaada wao wa mambo ya simu ulikuwa Brightness, mpangaji wa chumba cha tatu, binti wa Machame anayeuza makava ya simu Mtaa wa Aggrey. Alikuwa bado hajatoka. Alikuja barazani na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo baba Ummy. Shikamoo mama Ummy. Nani kafa?"

"Marahaba. Hajafa mtu," Badria alisema. "Kuna barua ya shule ya Ummy, wanaitaka leo."

Brightness alichukua simu. Vidole vyake vilikimbia kama vya mtu anayechambua mchele. Aliweka VPN, akachagua nchi, akangoja.

"Tayari. Sasa hivi nyinyi mko Uholanzi."

"Nani yuko Uholanzi?" Seifu alishtuka.

"Simu yako, baba. Mtandao unadhani simu iko kule, ndiyo maana inapita. Haya, paswedi ya barua pepe?"

Mume na mke walitazamana, au tuseme Badria alimtazama Seifu, na Seifu akaelekeza uso kule sauti ilikotoka. Barua pepe ile walifunguliwa na Pantaleo, yule wa steshenari iliyokuwa pembeni ya msikiti kabla jengo halijavunjwa. Walimlipa buku mbili, akaandika kwenye daftari lake, basi.

"Pantaleo?" Brightness alicheka mpaka chai ikamwagika. "Basi naijua. Jina la mtaa na mwaka. Ndivyo alivyomwekea kila mtu! Dada yangu naye ni hivyo hivyo. Yaani mama Ummy, nikitaka kusoma barua za nusu ya Kariakoo naanza leo."

Aliandika *Sikukuu* na mwaka. Ikakubali. Badria akaachia pumzi, lakini haikutoka yote, kwa sababu maandishi mengine yalijitokeza na Brightness akaacha kucheka.

"Inasema kuna mtu anajaribu kuingia kutoka Uholanzi. Inauliza kama ni wewe kweli."

"Mwambie ni mimi!"

"Haisikii maneno, baba. Imetuma namba sita kwenye simu iliyoandikishwa ili kuhakikisha. Simu inayoishia na arobaini na saba. Ya nani hiyo?"

Seifu aliitaja yake, Badria yake. Hakuna arobaini na saba. Brightness alijigonga paji la uso.

"Pantaleo huyo. Kaweka namba yake mwenyewe. Namba zenu za siri zinaingia kwenye simu ya Pantaleo."

Walimpigia. Inatumika. Wakampigia tena. Inatumika. Saa sita mchana bado inatumika, saa saba imezimwa, saa saba na nusu inatumika. Brightness alikwenda dukani kwake, akarudi na habari: Pantaleo siku hizi anauza suruali za mitumba Mchikichini, upande wa Karume, na leo mtu hapiti pale kwa msongamano.

"Twende," Badria alisema.

"Nenda wewe," alisema Seifu.

"Wakihitaji sura yako je? Au sahihi yako? Vaa viatu."

*

Jua la saa nane ndilo lililomtesa Seifu kuliko giza. Kila kitu kilikuwa viwili viwili, na kila kimoja kimevaa mwanga. Alishika mkanda wa mkoba wa Badria kwa vidole viwili, kwa namna ya mume anayembebea mkewe mzigo, na Brightness akatangulia kusafisha njia kwa mdomo: "Samahani kaka! Mzigo huo! Tupishe jamani, tuna mgonjwa wa haraka!" Alisema hivyo kwa mzaha, lakini Seifu alijikwaa.

Walipofika kuvuka Msimbazi, mabasi mawili ya mwendokasi yalikuwa yanakuja. Seifu alisimama.

"Vuka, liko mbali," Badria alimwambia.

"Yapo mawili."

"Moja, Seifu. Liko moja."

Mwenye mkokoteni wa maji alimpita kwa nyuma akimkemea: "Oya mzee, umelewa mchana wote huu?" Badria aligeuka amtukane, Seifu akauvuta mkanda. Afadhali mlevi. Mlevi kesho huamka akashona.

Mchikichini waliwasikia watu kabla ya kuwaona. Pantaleo alikuwa amekaa juu ya rundo la suruali za jinzi, kwapa zimelowa, simu mbili mkononi na moja inachaji, na watu kama arobaini wamemzunguka wamenyanyua simu zao juu kama wapo harusini wanapiga picha.

"Tisa-sifuri-tatu-moja-moja-nane!" Pantaleo alisoma kwa sauti. "Ya nani hiyo?"

"Yangu!"

"Yangu hiyo, mimi niko Ujerumani!"

"Ujerumani wewe! Jana ulikuwa Singapo!"

"Imekataa, Panta! Soma nyingine!"

"Zimeingia nne kwa pamoja, ndugu zangu. Hazijaandikwa majina. Mimi nitajuaje ipi ya nani?"

Hapo ndipo Badria alipoelewa ukubwa wa balaa. Pantaleo alifungulia watu barua pepe kwa miaka tisa, na kila mmoja alimwekea namba yake yeye, kwa nia njema kabisa: watu wa Kariakoo hubadili laini kama wanavyobadili mashati, yake haibadiliki. Mtandao ulipobanwa, wote wakaenda Uholanzi na Ujerumani siku moja, na ulimwengu mzima wa barua pepe ukamuuliza Pantaleo kama anawafahamu. Kila anayebonyeza, namba sita zinaingia kwake. Wanabonyeza wote kwa pamoja, namba zinachanganyika, mtu anachukua ya mwenzake, inakataa.

"Ukikosea mara tano inafungwa mpaka kesho," dada mmoja aliyejipaka hina alimwambia Badria. "Mwenzetu yule pale imeshafungwa. Alikuwa anangoja karatasi za kontena la bandarini. Hasemi na mtu."

Brightness alitazama simu ya Seifu. "Na sisi nilishajaribu namba mara tatu asubuhi nikibahatisha," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Ummy, nisamehe. Zimebaki mbili."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili.

Badria alikuwa mwanamke wa meza ya barabarani, na mtu wa namna hiyo sauti anayo. Aliinua mikono. "Jamani! Jamani eeh! Hivi tunavyofanya hakuna atakayefungua! Tupange foleni. Abonyeze mmoja, isomwe moja, aondoke, aje mwingine!"

"Amefika sasa hivi anatupangia!"

Aliyesema hivyo alikuwa Severa, muuza dagaa wa Mtaa wa Swahili, ambaye habari ikipita kwake asubuhi, adhuhuri imeshavuka Jangwani. Badria alimwona, akashusha mikono. Na nyuma ya Severa, amekalia kigoda alichoazimwa, alikuwepo mzee Kitwana na fimbo yake, simu ya tochi mkono mmoja na simu ya mjukuu mkono wa pili.

Lakini wazo lilieleweka. Foleni ikajipanga kwa kugombana, na ilipokwisha kujipanga Badria alihesabu watu thelathini na nane mbele yao. Mtu wa kwanza akabonyeza, zikasomwa, zikakubali, watu wakashangilia. Dakika tatu. Hata asiyejua hesabu aliona kwamba saa kumi itawakuta bado wako mkiani.

"Dada yangu, naomba nipite," Badria alimwambia aliye mbele yake.

"Kila mtu ana haraka."

"Kaka, naomba. Ni barua ya... ni ya shule ya mtoto."

"Ya kwangu ni viza, dada."

Alipanda foleni hivyo, mtu mmoja mmoja, kama anaomba nauli. Wengine walimgeuzia mgongo. Mmoja alimwita mwongo, maana shule zimefungwa. Alifika kwa Severa.

"Shule gani hiyo inayokutoa machozi?" Severa aliuliza, macho yanameta. "Sema tu, mama Ummy. Una nini wewe? Umeomba talaka?"

Watu wakacheka. Badria alifungua mdomo, akakumbuka alichoombwa barazani, akaufunga. Saa tisa na dakika ishirini na tisa.

"Siyo ya shule."

Sauti ilitoka nyuma. Seifu alikuwa ameachia mkanda wa mkoba. Alisimama peke yake kwenye njia kati ya rundo la suruali na rundo la makoti, uso wake ukiwa umeelekea kidogo kando ya watu, pale alipodhani wapo.

"Ni yangu," alisema. "Mimi ni Seifu, fundi wa Sikukuu. Wanaonijua wananijua. Sioni. Siyo kwamba sioni kabisa, ila naona vibaya, na kila mwezi inazidi. Mwaka wa pili sasa natungiwa sindano na mke wangu. Kuna daktari amekubali kunibadilishia kioo cha jicho, na lazima nijibu barua yake kabla ya saa kumi. Nikichelewa kinapewa mwingine. Mzee Kitwana sijui kama yupo hapa. Kama yupo, anisamehe. Uzi haukuwa na kosa."

Hakuna aliyecheka. Mchikichini hakunyamazi kamwe, na hata dakika ile kwa mbali kulikuwa na mtu ananadi, "Jero jero jero, chagua mwenyewe!" Lakini pale walipo, watu walitazama viatu vyao.

Mzee Kitwana aliinuka kwenye kigoda, akaigonga fimbo chini.

"Nipo," alisema. "Na wewe ni mpumbavu, mwanangu. Ungeniambia, ningekuletea kanzu isiyo na darizi." Kisha akawageukia watu. "Mnangoja nini? Mpisheni!"

"Zitachanganyika bado," Pantaleo alilalamika kutoka juu ya jinzi. "Wengine wako nyuma kule wanabonyeza kwa siri, nawaona, namba zinaingia."

Severa ndiye aliyemaliza jambo hilo. Aligeukia foleni, akavuta pumzi ya muuza dagaa.

"Simu juu wote! Mikono juu, nione vioo! Wewe wa fulana nyekundu, juu! Atakayebonyeza sasa hivi nitamtaja jina na la mama yake mpaka Buguruni!"

Simu arobaini zikanyanyuka, skrini zikielekea mbinguni. Mikono ikakaa juu. Vijana wa meza za jirani, ambao hawakuwa na barua pepe yoyote, nao wakanyanyua simu zao kwa usalama.

"Bonyeza," Pantaleo alisema.

Brightness akabonyeza.

Walingoja. Muda ulikuwa mrefu wa kutosha mtu kujikuna na kujuta. Kisha simu iliyokuwa inachaji ikalia mara moja, peke yake, kama kijiko kinapogusa glasi.

"Saba," Pantaleo alisoma polepole. "Mbili. Mbili. Sifuri. Tano. Tisa."

"Mbili mara mbili?"

"Mara mbili."

Kiduara kikazunguka. Seifu alisikia mkewe anasoma Kulhuwallah chini chini, na Brightness, msichana wa Kilutheri, akisema "Bwana, Bwana, Bwana" kama anayesukuma gari.

"Imefunguka!"

Kelele zilizopigwa pale ziliwafanya watu wa upande wa viatu wakimbilie, wakidhani mwizi amekamatwa. Brightness aliwanyamazisha kwa mkono. Barua ilikuwa ndefu, kwa Kiingereza na Kiswahili. Jina kamili? Seifu Abubakary. Umri? Arobaini na nne. Ana kisukari? Hana. Anakubali? Watu watano walijibu "Anakubali!" kabla yake, naye akasema, "Nakubali," kwa sauti ya mtu anayeozeshwa. Brightness akabonyeza. Saa tisa na dakika arobaini na tatu.

Jibu lilirudi kabla hawajaamini. Badria alilisoma, akakaa chini pale pale juu ya suruali za watu, akafunika uso kwa mtandio. Mabega yakacheza.

"Analia au anacheka?" Seifu aliuliza.

"Vyote, baba," Brightness alisema. "Muache kidogo."

"Suruali zangu, mama," Pantaleo alisema kwa upole, asimsogeze.

*

Hawakuondoka. Badria alisema hawezi kuchukua mikono ya watu arobaini halafu ageuze mgongo, akasimama mbele kushika foleni, na Seifu akakalishwa kwenye kigoda cha mzee Kitwana akapewa juisi ya miwa ambayo hakujua nani kailipia. Brightness alikuwa akimwonyesha kila anayefungua namna ya kufuta namba ya Pantaleo na kuweka yake, na paswedi mpya.

"Msiniambie!" Pantaleo alikuwa anaziba masikio. "Andikeni kimya kimya. Sitaki tena kujua ya mtu. Wiki hii nimejua mambo, nimezeeka."

Kila aliyepita kwa Seifu alikuwa na neno. Mmoja alimwambia shangazi yake alibadilishiwa kioo hicho hicho na sasa anaona hadi asivyotakiwa kuona. Dada wa hina alitaka kujua kama anaweza kumshonea baibui kwa kupapasa tu, yeye hana haraka. Kaka wa mkokoteni wa maji hakuwepo kuomba radhi, na Seifu hakumhitaji. Severa alipofika zamu yake alifungua barua, akaisoma midomo ikitikisika, akaisoma tena. Watu walingoja habari. Akaizima simu, akaitia kifuani.

"Vipi, mama Severa? Nani kaandika?"

"Ya kwangu," Severa alisema, akapangusa jicho, akaenda zake bila hata kununua kitu.

Alasiri ilipopungua joto, foleni ilibaki ya watu sita. Seifu alimwita mkewe. Badria akaja, jasho limemlowesha, sauti imemkauka.

"Nisomee tena lile jibu."

"Nimekusomea mara mbili, Seifu."

"Nisomee."

Badria alitoa simu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kwa mazoea ya mtu aliyeficha jambo muda mrefu. Watu sita wa foleni, Pantaleo juu ya rundo lake, mzee Kitwana na fimbo, wenye meza za jirani waliokuwa wameanza kukunja mizigo, wote walikuwa wamemgeukia.

"Ndugu Seifu Abubakary," alisoma, na sauti yake ya meza ikarudi, "tumepokea uthibitisho wako. Wewe ni mgonjwa wa kumi na tatu. Fika Jumatatu saa moja asubuhi, bila kula, ukiwa na mtu wa kukusindikiza."

Na watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyejifanya hasikii.